Mhudumu wa Afya Barazani: Tathmini ya Huduma ya Nyumba kwa Nyumba Mombasa

Kwa miezi kadhaa sasa nyumba yetu ya Kisauni imekuwa ikitembelewa na mhudumu wa afya ya jamii. Kwa kuwa wapo majirani wanaomfungia mlango wakidhani ni muuza dawa, nimeona ni haki nieleze huduma hiyo ilivyo, mazuri yake na upungufu wake.

Mama huyu ni mmoja wa wahudumu wapatao 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa na serikali kuanzia Septemba 2023, na kila mmoja hukabidhiwa takriban nyumba 100. Posho yao iliwekwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kwa kazi niliyoishuhudia, naiona posho hiyo ni ndogo mno.

Siku aliyonifanya niiheshimu huduma hii, alimkuta shangazi yangu amekaa barazani. Alimwamkia, akavua viatu, akafungua mkoba na kutoa mashine ya presha, lakini kabla ya kumfunga ule ukanda mkononi akamwuliza, "Mama, umekunywa kahawa asubuhi hii?" Shangazi akajibu, "Vikombe viwili mwanangu, na haluwa, sasa hivi tu." Basi akaurudisha ukanda mkobani na kusema kwamba wangoje nusu saa, kwa sababu kahawa huweza kuipandisha presha kwa muda na kipimo kikawa si cha kweli. Nimewahi kupimwa presha hospitalini nikiwa nimesimama, bado nahema kwa kupanda ngazi, na hakuna aliyeniuliza lolote.

Nusu saa hiyo hakuipoteza. Alikwenda uani kwenye mapipa yetu ya maji, ambayo kila nyumba ya mji huu inayajua, kwani mfereji unaweza kukauka siku nyingi na mtu hana budi kuweka akiba. Alimulika ndani kwa tochi ya simu, akanionyesha viluwiluwi vikijipinda juu ya maji niliyodhani ni safi. Alinieleza kwamba mbu anayeambukiza dengi na chikungunya hupenda maji safi yaliyotuama, huuma mchana, na mayai yake hugandama ubavuni mwa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, bali pipa lisuguliwe ndani kila wiki kisha lifunikwe barabara. Waliokuwa hapa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 wanakumbuka jinsi chikungunya ilivyowafanya watu wazima watembee wameinama kwa maumivu ya viungo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Chandarua nilikuwa nacho, ila sikuwa nimeambiwa habari ya kusugua.

Aliporudi barazani alimkalisha shangazi vizuri, mgongo umeegemea ukuta, nyayo zimekanyaga chini, mkono umelazwa juu ya mto sawa na kifua, akamwomba asizungumze. Alipima mara mbili, akimpumzisha kati yake, na mashine ikaonyesha 168/96, ilhali inayofika 140/90 tayari huhesabiwa kuwa imepanda. Hakumtangazia ugonjwa, kwa kuwa hilo si jukumu lake. Alimwandikia barua ya rufaa, akaingiza taarifa katika simu, kisha akazungumza naye kwa upole juu ya chumvi iliyomo katika achari na ng'onda, akimshauri amloweke samaki huyo na kuyamwaga maji yake kabla ya kumpika.

Upungufu nilioukuta uko kule tunakoelekezwa, si kwake. Katika zahanati aliyoelekezwa, tabibu alimpima tena shangazi na kuithibitisha presha, lakini dawa hazikuwapo, ikatubidi tununue dukani kwa fedha ambazo mjane mwenziwe wa nyumba ya pili asingezipata. Barua ya rufaa inayoishia kwenye kabati tupu humvunjia mhudumu heshima aliyoijenga mtaani kwa miguu yake. Jambo jingine ni saa za ziara: huja asubuhi, wakati wanaume wengi wako bandarini au kwenye matatu, hivyo wenye presha wasioijua hubaki bila kupimwa. Jumamosi jioni ingewafaa zaidi.

Pamoja na hayo naipendekeza huduma hii kwa moyo wote, na haina malipo. Ambaye hajafikiwa aulize katika zahanati ya karibu au kwa mzee wa mtaa ni nani anayehudumia nyumba zao. Siku ya ziara aweke karibu kadi ya kliniki ya watoto na dawa anazotumia, na kahawa aiahirishe hadi mashine irudishwe mkobani.