GIF au WebP kwa Picha Inayosogea?
Wabunifu wa matangazo mjini Mombasa hubishana mara kwa mara iwapo picha inayosogea ihifadhiwe kwa GIF au kwa WebP, miundo miwili ya faili za picha, ilhali jibu hutegemea zaidi kilichomo pichani na mahali itakapotazamwa.

Kwa upande wa rangi, GIF, iliyobuniwa mwaka 1987, hubeba rangi zisizozidi 256 katika kila fremu, yaani kila picha moja ya mfululizo unaosogea. Tangazo la duka la leso la Barabara ya Biashara, lenye maandishi na rangi chache zilizokoza, halitaathirika. Lakini machweo ya Kilindini, ambayo rangi zake huingiliana taratibu, yatatokea kama mistari iliyopangwa. Tena kila nukta ya GIF ama huonekana kabisa au haionekani kabisa, kwa hiyo kivuli laini cha nembo huharibika ukingoni. WebP, iliyotangazwa na Google mwaka 2010, haina vikwazo hivyo, na faili yake kwa kawaida huwa ndogo zaidi, jambo la maana kwa mgeni anayefungua tovuti ya hoteli ya Nyali kwa bando la simu.

Kwa kufunguka kila mahali, hasa ndani ya barua pepe na programu za zamani, GIF ndiyo ya kuaminika.

Utayarishaji haupishani sana. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, kila tabaka huwa fremu, mradi uteue chaguo la uhuishaji, na kwa vyovyote ihifadhi faili ya XCF, ambayo ni faili ya kazi ya GIMP yenyewe, kwani marekebisho ya baadaye hufanywa humo.