Kruza kubwa zenye nguvu: ipi ununue, ipi uiache

Kwenye habari za kruza kubwa, yaani pikipiki nzito na ndefu zenye kiti cha chini, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenye Harley-Davidson atakusimulia mlio, mwenye Triumph atakutajia torki, mwenye Ducati atakuuliza pikipiki yako inalala kiasi gani kwenye kona. Sifa hizo ni za kweli, ila hazimsaidii sana mnunuzi, kwa sababu mtu aliyetoa fedha nyingi kiasi hicho hakosi la kusifia. Msikilize anapolalamika. Hapo ndipo wenye chapa tofauti huanza kukubaliana: uzito pikipiki inapotambaa, joto la mapajani, tangi linaloisha mapema, kiuno kinachouma, tairi la nyuma linalolika upesi. Orodha hii nimeipanga kwa kufuata malalamiko hayo. Iliyoshika nafasi ya kwanza imeipata kwa sababu kasoro zake ndizo nyepesi zaidi kuishi nazo.

Kabla ya kutaja chapa

Matangazo hupenda nguvu za farasi, lakini kwenye kruza unachokihisi kila siku ni torki, yaani nguvu ya injini ya kusokota gurudumu. BMW R 18 ina nguvu za farasi 91 tu kutoka injini ya cc 1802. Hata hivyo inatoa zaidi ya Newton-mita 150 kuanzia mizunguko 2000 kwa dakika hadi 4000. Kwa hiyo unaweza kubaki kwenye gia ya nne, ukavuta resi kidogo na kulipita lori bila kugusa klachi. Ducati Diavel V4 ina nguvu za farasi 168, lakini torki yake inafika kileleni, Newton-mita 126, kwenye mizunguko 7500. Zote mbili zina nguvu, ila zinazitoa kwa namna mbili tofauti, na aliyezoea moja huweza kuichukia nyingine ndani ya kilomita chache. Amua kwanza kama unataka pikipiki inayosukuma taratibu kutoka chini au inayopiga mayowe kuelekea juu, ndipo uanze kulinganisha bei.

Halafu uzito. Kilo 300 huzisikii ukiwa kwenye mwendo. Utazisikia unapoirudisha nyuma kwa miguu kwenye maegesho yenye mteremko, au unapokata kona ya kurudi ulikotoka barabara ikiwa nyembamba, na mguu mmoja ukakanyaga kokoto. Pikipiki nyingi za aina hii huanguka zikiwa zimesimama au zinatambaa, na ikishapita pembe fulani hakuna misuli itakayoizuia. Kwa hiyo jaribio la kwanza la ununuzi lifanyike injini ikiwa imezimwa: itoe kwenye stendi, isukume mbele, irudishe nyuma, igeuze usukani mpaka mwisho pande zote mbili. La pili ni kuzunguka polepole kwenye uwanja mtupu, usukani ukiwa umekunjwa hadi mwisho. Muuzaji akikukatalia yote mawili, mwache.

Mkao wa miguu mbele unahitaji mjadala mrefu kuliko unavyopewa. Kwenye picha unapendeza, na kwa nusu saa ya kwanza ni starehe. Shida huanza barabara inapoharibika. Mwenye vikanyagio vya katikati akiona shimo hunyanyua makalio kidogo, magoti yakapokea kishindo. Mwenye miguu mbele hana namna hiyo, kwa hiyo kishindo chote hupanda kwenye uti wa mgongo. Juu ya mwendo wa barabara kuu, upepo nao humpiga kifuani na kumlazimisha kujishikilia kwa mikono saa nzima. Ndiyo maana waendeshaji wa masafa, hata wanaopenda sura ya kruza, wengi hurudi kwenye vikanyagio vya katikati au hufunga kioo cha kukinga upepo. Kama una historia ya maumivu ya kiuno, jambo hili liwe mbele ya injini katika kuamua.

Tairi la nyuma lenye upana wa milimita 240 nalo lina wapenzi wake. Linajaza macho. Ukiingia kona, hata hivyo, pikipiki hugoma kidogo kulala, kisha hutaka kusimama yenyewe katikati ya kona, na kwenye lami yenye mifereji hufuata mifereji. Inazoeleka, ila ijaribu kabla ya kuilipia.

1. Triumph Rocket 3

Injini yake ni silinda tatu za jumla ya cc 2458, kubwa kuliko injini nyingine yoyote ya pikipiki inayotengenezwa na kampuni kubwa kwa wingi. Ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa na nguvu za farasi 165 na Newton-mita 221. Matoleo ya Storm yaliyofuata mwaka 2024 yalifikia 180 na Newton-mita 225. Takwimu hizo pekee zisingeipa nafasi ya kwanza. Rocket III ya zamani, ya kuanzia mwaka 2004, nayo ilikuwa na injini ya cc 2294 na nguvu za kutisha, lakini ilikuwa nzito mno na kona ilizichukua kwa shingo upande. Ya sasa imepunguzwa uzito kwa kilo nyingi, ikafungwa breki za Brembo Stylema na ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisigande ukishika breki) inayofanya kazi hata pikipiki ikiwa imelala kwenye kona. Wanaoimiliki wanarudia jambo moja: ikishatembea, uzito unapotea.

Bado inazidi kilo 310 ikiwa na mafuta, na hilo utalikumbuka kila unapoiegesha. Tairi la nyuma huliwa upesi, jambo lisiloepukika kwa torki kubwa namna hiyo, na saizi yake, 240/50 R16, haipatikani kila duka. Hakikisha una pa kulipata kabla hujalihitaji. Upande wa pili, inaendeshwa kwa shafti (fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma), kwa hiyo hakuna mnyororo wa kusafisha na kupaka mafuta, na sevisi ni kila kilomita 16,000.

Kuna matoleo mawili, R na GT. GT ina miguu mbele, kiti cha chini zaidi (milimita 750) na mahali pa abiria kuegemea mgongo. R ina vikanyagio vya katikati na kiti cha milimita 773. Mimi ningechukua R bila kusita, isipokuwa kama abiria wako ni wa kila safari. Kwa abiria, GT ndiyo ya haki.

2. Ducati Diavel V4

Wapo wanaosema hii si kruza. Wana hoja, kwa maana imejengwa kwa fikra za pikipiki za mbio: silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, cc 1158, kilo 223 bila mafuta. Lakini ni ndefu, imeinama chini, ina tairi la 240 nyuma, na wanaoinunua huilinganisha na kruza nyingine, basi inastahili kuwemo. Kwa breki na kwa kona, hakuna kwenye orodha hii inayoikaribia. Anayetoka kwenye pikipiki ya michezo na kutaka kukaa wima zaidi, hapa ndipo afikie.

Nilichokipenda zaidi katika toleo hili ni namna ilivyoyajibu malalamiko ya zamani. Diavel za awali, kuanzia ile ya mwaka 2011, zilichoma mapaja kwenye foleni. V4 huzima silinda mbili za nyuma pikipiki inaposimama, joto likapungua waziwazi. Hofu ya gharama za valvu, yaani vilango vya injini vya kuingiza hewa na kutoa moshi, nayo imepungua, kwa kuwa ukaguzi wake ni kila kilomita 60,000. Kinachobaki ni mnyororo, ambao utautunza mwenyewe, kiti kidogo cha abiria, na bei ya vipuri, ambayo haijawahi kuwa rafiki wa mtu. Asiyeishi karibu na fundi anayeijua vizuri aiweke nafasi ya nne.

3. Harley-Davidson Low Rider S na Low Rider ST

Kwenye karatasi ziko mbali na zile mbili za juu. Injini ya Milwaukee-Eight 117, yenye cc 1923, inapozwa kwa hewa na mafuta na haishindani kwa nguvu za farasi. Inashindana kwa torki, inayozidi Newton-mita 160 na kupatikana chini kabisa. Na hapa kuna jambo ambalo watu wa takwimu hulidharau: injini hii inaridhisha kwenye mwendo halali. Rocket na Diavel zinakuomba uvunje sheria ili uzifurahie kikamilifu. Low Rider inakupa unachotaka ukiwa kilomita 80 kwa saa, na mtu wa kuendesha kila siku afikirie sana hapo.

Vikanyagio viko katikati, breki za mbele ni diski mbili, tangi ni lita 18.9. Valvu hujirekebisha zenyewe, na mkanda wa kuendesha gurudumu hauhitaji mafuta wala kukazwa kila mara. Malalamiko makubwa ni ugumu wa shokapu ya nyuma kwenye barabara mbovu, na joto la silinda ya nyuma kwenye paja la kulia. ST, yenye kinga ya upepo na masanduku ya pembeni, ndiyo ningemshauri mtu wa safari ndefu.

Kaka yake, Breakout, ana injini hiyohiyo na sura ya kuvutia zaidi, pamoja na tairi la 240 na miguu mbele. Vikanyagio vyake hukwaruza lami mapema sana kwenye kona. Ni pikipiki ya barabara iliyonyooka.

4. Honda Rebel 1100

Takriban nguvu za farasi 86, cc 1084, takriban kilo 223. Kwa kiwango cha orodha hii ni ndogo, na wanaotafuta ukubwa wataipita. Nimeiweka hapa kwa ajili ya anayetoka kwenye pikipiki ndogo na kutamani kruza ya nguvu kwa mara ya kwanza. Kiti kiko takriban milimita 700 kutoka chini, hivyo karibu kila mtu hukanyaga kwa nyayo nzima. Toleo la DCT hubadilisha gia lenyewe, halina mkono wa klachi kabisa. Injini imetokana na ya Africa Twin, pikipiki ya Honda ya safari za barabara mbovu, ambayo imeshajulikana kwa uimara. Kasoro ni tangi la lita 13.6 na kiti cha abiria ambacho hakimfai mtu mzima kwa zaidi ya mwendo mfupi.

5. Suzuki M1800R, au M109R

Tangu mwaka 2006 haijabadilika sana, na kwa mnunuzi wa iliyotumika hilo ni neema: mafundi wanaijua, vipuri vinaingiliana. Pistoni zake zina kipenyo cha milimita 112, cc ni 1783, na inaendeshwa kwa shafti. Inavuta kwa hasira. Lakini ina kilo 347, miguu iko mbele na tairi ni 240, kwa hiyo yote niliyoyasema mwanzoni yanaihusu. Kwa anayehesabu nguvu anayopata kwa kila senti, hii inashinda hata ya kwanza.

6. BMW R 18

Ni nzuri kuitazama kuliko zote hizi. Shafti iliyo wazi na silinda mbili kubwa zilizotanuka kushoto na kulia zinasimamisha watu njiani. Silinda hizohizo zinakunyima pa kunyoosha miguu, shokapu ya nyuma ya matoleo ya mwanzo ina mwendo wa milimita 90 tu, na kilo 345 ni nyingi kwa nguvu za farasi 91. Ukiipenda, chukua yenye gia ya kurudi nyuma, wala usiione kama anasa.

Sportster S ya Harley-Davidson nimeiacha nje kwa sababu moja. Injini yake ya nguvu za farasi 121 ni tamu sana, lakini tangi la lita 11.8 linageuza kila safari kuwa safari ya kutafuta kituo cha mafuta.

Zilizoacha kutengenezwa

Yamaha VMAX ya cc 1679, iliyotengenezwa kuanzia 2009 hadi 2020, bado ina watu wanaoililia. Ina silinda nne za V zenye takriban nguvu za farasi 200 na shafti ya kudumu. Inakunywa mafuta, na tangi lake ni lita 15. Harley-Davidson V-Rod, ya miaka ya 2002 hadi 2017, ilipata injini iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Porsche, ikipozwa kwa maji, na hadi leo ni Harley ya mtu asiyependa Harley.

Ukienda kuzitazama, omba ziwe baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha shida ya kuwaka. Kwenye VMAX, pitisha kidole chini ya kasha la shafti nyuma kutafuta mafuta yanayovuja. Kwenye V-Rod, zungusha gurudumu la nyuma taratibu ukikagua meno ya mkanda yote, na uangalie rejeta kama ina dalili za kuvuja. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Pikipiki ya kilomita chache yenye tairi la miaka kumi imekaa tu, na iliyokaa tu huhitaji tairi mpya mbili, betri, mafuta ya breki, na mara nyingi sili za shokapu za mbele, kwa hiyo punguza gharama hizo kwenye bei kabla ya kukubaliana.