Rolapu ya OpenSearch: kisanduku kimoja kimenitia aibu

Asalaam aleikum wapenzi, karibuni tena. Niko Lamu leo, na huyo mnayemsikia nyuma ni punda wa jirani, mniwie radhi.

Leo ni rolapu ya OpenSearch, programu ya kuhifadhi na kutafuta data; rolapu ni kuzisaga rekodi nyingi ziwe muhtasari mchache. Kuiweka kwenye seva siwaonyeshi, mnajua. Ami yangu ana friza sita za samaki, kila moja inatuma joto kila dakika. Pigeni hesabu: rekodi 8,640 kwa siku. Ukizisaga kwa saa zinabaki 144, na kila moja imebeba joto la juu, la chini na wastani. Diski inapumua. Hapo sina neno.

Mimi nikaingiwa na tamaa, nikataka kwa siku. Rekodi sita tu!

Sasa njooni hapa, hapa hasa ndipo nilipowaitia. Hatua ya pili ya kuunda kazi ya rolapu: unachagua uga wa tarehe, unachagua kipimo, siku moja, halafu hiki... ngoja nikuze... hiki hapa, ukanda wa saa. Mnakiona kilivyojikunyata? Usipokigusa ni UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Nikakipita hivihivi. Mbele, mbele, maliza.

UTC siku inageuka kwetu ikiwa saa tisa usiku! Waswahili siku yetu inaingia magharibi, serikali saa sita usiku, mashine nayo ina yake. Usiku wa kuamkia Jumanne, saa saba, mtu kaacha mlango wa friza wazi. Ripoti ikaandika Jumatatu. Kijana wa zamu ya Jumatatu akasemwa mpaka akanyamaza. Kosa langu, wallahi.

Nikasema nirekebishe. Hairekebishiki! Kazi ikishaundwa, ratiba utaibadili, lakini makundi na vipimo, ukanda wa saa ukiwemo, ndiyo basi, ufute uanze upya. Bahati nzuri data mbichi nilikuwa sijaifuta, maana unga haurudi kuwa mahindi.

Mtaniuliza, mbona si Elasticsearch, programu ndugu yake? Rolapu wanayo tangu toleo la 6.3, ila kuanzia 8.11 wametangaza kuwa wanaiacha, wanawasukuma watu kwenye njia nyingine. Na kule nako usipoandika ukanda wa saa, ni UTC hiyohiyo. Basi sitawapigia debe.

Bei? Bure, leseni ya Apache 2.0. Seva ndiyo ya kulipia. Ami kila mwezi ananiuliza, "Bure gani hii yenye bili?"

Haya, naunda upya. Ukanda wa saa, Africa/Nairobi. Naiwasha... tusubiri kidogo... punda naye! Eeh, imemaliza. Tazameni safu hii: Jumatatu imetulia, joto limepanda Jumanne.

Ami kashamwomba radhi yule kijana? Bado. Na wiki ijayo msinitafute, ni Maulidi, video hakuna.