Hifadhi ya Ngome ya Hirosaki: mnara haukuwepo pale ulipo kwenye picha

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu ziara hii, lakini kila nikiliona tangazo la yule wakala, ambalo bado analisambaza bila haya, napandwa na hasira upya. Tangazo lenyewe linaonyesha mnara mweupe wa ghorofa tatu uliosimama ukingoni kabisa mwa ukuta wa mawe, chini yake handaki la maji lililotandwa na maua ya micheri (sakura), na mbele yake daraja jekundu. Picha hiyo ndiyo iliyomfanya shangazi yangu, aliyekuja kutoka Tanga kunitembelea, aseme kwamba katika Japani yote hakuna kingine anachokitamani. Picha hiyo ndiyo niliyoilipia, na si kiasi kidogo, kwa sababu Hirosaki iko mkoani Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu, na kutoka Tokyo mtu hupanda treni ya kasi zaidi ya saa tatu, kisha akapanda nyingine.

Daraja tulilikuta. Mnara hatukuukuta. Tuliposimama pale darajani, mahali ambapo zamani wafuasi wa mtawala walilazimika kushuka farasi kabla ya kuendelea mbele, tulichokiona ni uzio wa mafundi, mitambo, na kona ya ukuta isiyo na kitu juu yake. Shangazi alitazama, akaitazama tena picha iliyokuwa mkononi mwake, kisha akamgeukia kijana aliyetuongoza, ambaye ndiye wakala mwenyewe, na kumuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mnara wenyewe uko wapi?"

Naomba msomaji aelewe kwamba kijana huyu ni mwenzetu, anazungumza Kiswahili, na biashara yake yote imejengwa juu ya kuaminiwa na sisi tunaoishi huku. Tangu asubuhi pale stesheni hakuwa amempa shangazi hata shikamoo. Sasa, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, akajibu, "Bibi, ngome ipo, imesogezwa tu. Watu huja hapa kutembea, hawaji kuhoji." Shangazi aliivuta kanga yake juu ya koti, akanyamaza. Wanaomjua shangazi yangu wanajua kwamba akinyamaza namna ile si kwa sababu amekosa la kusema.

Ukweli ni kwamba mnara ulisogezwa kweli, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Ukuta wa mawe uliokuwa chini yake ulianza kufura kuelekea nje, ikahofiwa kwamba tetemeko la ardhi lingeweza kuuporomosha pamoja na mnara wenyewe. Mwaka 2015, bila kuubomoa, mafundi waliuinua mnara huo wenye uzito wa takriban tani 400, wakauvuta polepole juu ya reli kwa umbali wa mita 70 hivi hadi katikati ya ua wa ndani, na wakazi wa mji wakaalikwa kushika kamba na kusaidia kuuvuta. Baada ya hapo mawe ya ukuta yakaanza kuondolewa moja moja, kila jiwe na namba yake, ili yarudishwe palepale yalipokuwa. Na ukuta huo si mara ya kwanza kusumbua: uliwahi kuporomoka mwishoni mwa karne ya 19, na ukarabati wake ukakamilika mwaka 1915. Haya yote yalijulikana dunia nzima miaka kadhaa kabla wakala huyu hajaniuzia picha ya mnara ulio juu ya maji. Hakuwa na udhuru.

Kisha likaja suala la langoni. Sehemu kubwa ya hifadhi huingiwa bure, lakini katika msimu ule wa maua ua wa ndani, ambako mnara ulikuwa umewekwa kwa muda, ulikuwa na kiingilio. Kilikuwa kiingilio kidogo, na sina ugomvi nacho hata chembe. Ugomvi wangu ni kwamba tangazo lilisema gharama zote zimelipwa, ilhali tulipofika pale kijana alirudi nyuma hatua mbili na kuanza kupiga picha miti, akingoja nitoe pochi. Nilitoa. Nikamlipia na yeye, kwa sababu foleni ilikuwa nyuma yetu na niliona aibu, ambayo yeye hakuwa nayo.

Ndani ya ua, mnara ulionekana mdogo. Hauna kimo cha kumtisha mtu. Ni kama mita 14 tu. Ule wa kwanza, uliokamilika mwaka 1611 chini ya ukoo wa Tsugaru uliotawala eneo hilo, ulikuwa na ghorofa tano, ukapigwa radi mwaka 1627 na kuteketea, na huu wa sasa ulijengwa mwaka 1810. Nilipouzunguka niligundua jambo ambalo lilinichekesha hata katika hasira zangu: pande mbili zilizokusudiwa kutazamwa na watu wa nje zimepambwa kwa vipaa vya pembetatu na vitundu vyembamba vya kupigia mishale, na pande zinazoelekea ndani ni ukuta mkavu wenye madirisha tu. Nilimtazama kijana wetu, nikautazama mnara, nikaona wamepatana.

Hata hivyo, hapa lazima nijipinge mwenyewe. Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota moja, tena kwa shingo upande, mpaka mzee mmoja wa Kijapani aliyekuwa akitembea na mjukuu wake alipotuona tumeduwaa, akatuashiria tupande jukwaa la mbao lililojengwa karibu na mnara. Tukapanda. Kutoka juu ya jukwaa lile, mnara ulikuwa mbele yetu na Mlima Iwaki, wenye urefu wa mita 1,625 na theluji bado kileleni, ulikuwa umesimama nyuma yake katika fremu moja, na hayo ni mandhari ambayo mnara ulipokuwa pembeni mwa ukuta hayakuwezekana kupatikana namna ile. Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alimshukuru mzee yule kwa Kiswahili, mzee akajibu kwa Kijapani, na wote wawili wakainama.

Na miti! Hifadhi ina micheri ipatayo 2,600, na anayedhani ameshaona maua ya micheri kwingineko aje kwanza Hirosaki. Aomori ndio mkoa unaoongoza kwa matufaha nchini Japani, na watunzaji wa hifadhi waliichukua elimu ya kupogoa mitufaha wakaitumia kwenye micheri, wakati desturi ya Wajapani kwa muda mrefu ilikuwa kutoukata mcheri kabisa. Matokeo yake, matawi huinama chini hadi usawa wa uso, na maua hubanana kiasi kwamba ukilisogelea tawi huoni gome. Upo mcheri uliopandwa mwaka 1882 na bado unachanua. Miche ya wakati huo ilipandwa na samurai mmoja wa zamani, na baadhi ya wenzake waliing'oa kwa hasira, wakisema ngome ya bwana wao haiwezi kugeuzwa uwanja wa watu kulewa chini ya maua. Mwaka 1895 ikafunguliwa kuwa hifadhi ya umma hata hivyo, na watu wanakula na kunywa chini ya maua mpaka leo, kwa ustaarabu wa kupendeza.

Tulikuwa tumefika kwenye handaki la nje, ambako maua yaliyodondoka yalikuwa yametanda juu ya maji yakawa zulia la waridi lisiloonyesha tone la maji, yaani kile hasa shangazi alichokifuata, wakati kijana alipotangaza kwamba muda umekwisha na turudi stesheni. Treni tuliyokuja kuipanda tuliingoja muda mrefu sana tukiwa tumekaa kwenye benchi. Nilipomuuliza kwa nini alituharakisha, alisema wateja wengine hawalalamiki.

Kwa hiyo Hifadhi ya Ngome ya Hirosaki naipa nyota nne. Nilitaka kuipunguzia moja kwa ajili ya ukuta uliobomolewa, lakini nikifikiri vizuri ukuta ule ndio uliotupa mlima, kwa hiyo ziwe tano. Wakala angetueleza tangu mwanzo kwamba mnara umehamishwa na kwamba tutauona kwa namna ambayo watu wa zamani hawakuuona, ningelipa bei ileile bila kulalamika, pengine na zaidi. Badala yake aliificha habari nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akamkemea mtu mzima aliyeuliza swali halali. Anayetaka kwenda aende mwenyewe: treni zipo, na kutoka Stesheni ya Hirosaki kuna mabasi ya kwenda hifadhini. Huyo wakala simpi hata nyota moja, na kiingilio nilichomlipia pale langoni bado namdai.