Kuzuia boti za maharamia bila risasi: kipi ununue, kipi umwachie muuzaji

Nahodha mmoja wa meli ndogo ya mizigo, mtu wa Kilindini kwenda Kismayu na kurudi, ameniandikia kwa hasira. Mwenye meli amenunua spika kubwa ya kufukuzia maharamia na kuifunga juu kabisa, nyuma ya chumba cha usukani. Ili ifanye kazi, lazima baharia apande ngazi, asimame wazi kifua mbele na kuielekeza kwa mkono kwenye boti inayokuja na bunduki za AK-47. "Dada, nimpandishe nani?" ameniuliza. Si yeye peke yake. Tangu maharamia wa Kisomali warudi kazini mwishoni mwa 2023, wakateka meli ya Ruen Desemba ile na meli ya Abdullah Machi 2024, barua za namna hii haziishi.

Kwa hiyo mwongozo huu hauna habari za mwendo wala lindo. Kwamba meli ikivuka noti 18 (maili za baharini kwa saa) ni shida kuipanda, na kwamba ubavu ulioinuka juu ya maji ni bora kuliko wa chini, kila aliyekunywa maji ya chumvi anajua, na meli zetu za noti tisa hazitaongeza kasi kwa kusoma makala. Wala sitabishana na wanaotaka walinzi wenye bunduki. Nitawakumbusha tu Enrica Lexie, Februari 2012, pwani ya Kerala: wanajeshi wa Italia waliokuwa wakilinda meli ya mafuta waliwaua wavuvi wawili wa Kihindi wakidhani ni maharamia. Ukiiona kwa mbali, boti ya mvuvi wa Kiunga na boti ya haramia ni fiba ileile, injini ileile ya Yamaha, vijana walewale waliojifunga vitambaa kichwani. Kitu kisichoua kinakupa nafasi ya kukosea bila kuzika mtu.

Ninachopima mimi ni kimoja: kifaa kikiwa kinafanya kazi, mtu wako yuko wapi? Wauzaji watakuonyesha umbali, desibeli, volti na video yenye muziki. Hilo hawaligusi. Na si jambo nililolibuni. Mwongozo wa sekta ya meli unaofahamika kama BMP, toleo la nne la 2011, ulisema wazi kwamba haishauriwi baharia kushika mpira wa maji kwa mikono, kwa kuwa anabaki uwanjani. Maana maharamia hawaji na ngazi peke yake, wanakuja na RPG, kombora la kurushwa begani, na shabaha yao ya kwanza ni yeyote wanayemwona anahangaika kwenye sitaha.

Namba moja: mizinga ya maji inayoongozwa kwa mbali

Sifichi, hapa nina upendeleo: Unifire ya Sweden. Ni bomba la maji linalogeuka lenyewe kwa mota, unaliongoza kwa joistiki ukiwa ndani ya chumba cha usukani, kulia, kushoto, juu, chini, ukibana maji yawe mshale au ukiyafungua yawe pazia. Hakuna mtu sitahani. Ukitaka, unaliacha lijizungushe lenyewe likipiga ubavu mzima huku wewe unashughulika na redio.

Na maji si mchezo. BMP inataja kwamba shinikizo la psi 80 na kuendelea limewahi kuwarudisha washambuliaji. Boti yao iko wazi juu, maji yakimiminika ndani inakuwa nzito, mwendo unakufa, na kijana anayejaribu kutundika ngazi yenye ndoana haoni wala hashiki. Asipoumia, atalowa na kurudi kwao. Hata kama uliyemlowesha alikuwa mvuvi, utamwomba radhi naye atakutukana, yameisha.

Sasa kabla hujalipa, nenda chini kwa mhandisi wako umuulize habari za pampu. Muuzaji atakupa mizinga minne aking'ang'ania minne, kwa sababu anauza mizinga, hauzi pampu. Meli ndogo ina pampu ya zimamoto iliyopimwa kwa ajili ya moto, si kwa ajili ya kunyunyizia bahari saa mbili mfululizo. Fungua minne kwa pamoja na shinikizo linashuka mpaka unamwagilia maua. Halafu RPG ikitua kwenye makazi ya mabaharia na moto ukawaka, maji ya kuuzima utayatoa wapi? Kwa hiyo nunua miwili ya tezini, yaani nyuma ya meli, pembe ya kulia na ya kushoto, ambako ndiko wanakopenda kupandia, pamoja na pampu yake ya peke yake. Miwili yenye nguvu inashinda minne yenye kukojoa. Bomba liwe la shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu, na kila ukifunga gati lipitishiwe maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikauka ndani ya mota ni sanamu.

Namba mbili: kamba za kunasa propela

P-Trap ya Westmark, Waholanzi. Mikono mirefu hutolewa nje ya ubavu wa meli na kila mmoja huburuta nyuzi nyembamba zinazoelea. Boti ikitaka kujibandika ubavuni lazima ipite juu ya nyuzi, propela inazimeza, injini inakwama. Usiku, mchana, watu wote wakiwa wamejifungia ndani, kamba inaendelea na kazi. Kwa kipimo changu ingekuwa ya kwanza.

Iliyoiangusha ni kazi ya kuitoa na kuirudisha. Kwa meli inayovuka bahari wiki mbili, ni sawa. Kwa meli inayoingia bandari kila baada ya siku chache na kupita katikati ya nyavu za watu, serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, ataichoka, na kifaa kilichochosha serahangi hubaki kimefungwa.

Namba tatu: vizuizi vya ukingoni

Guardian ya Waingereza ni vipande vya plastiki vyenye umbo la herufi P vinavyovalishwa juu ya reli ya meli, ndoana ya ngazi ikose pa kushika. Havihitaji umeme, havihitaji mtu, havishiki kutu. Nimeviweka tatu kwa sababu vinazuia kupanda tu, boti yenyewe inaendelea kukuzunguka na kukupiga risasi mpaka usimame.

Seng'enge ya wembe ni ya bei ndogo na inasaidia. Weka miviringo miwili, vaa glavu nene, ibadilishe ikioza.

Namba nne: spika za sauti kali

Hapa ndipo pesa za watu zinapoteketea. LRAD, moja ya spika hizo, ni chombo kizuri sana cha kusemea. Kampuni ya San Diego iliyoitengeneza, siku hizi inaitwa Genasys, iliibuni baada ya manowari USS Cole kulipuliwa Aden mwaka 2000, ili jeshi liweze kumwambia mtu wa boti "usisogee" kabla ya kumpiga. Kwa kazi hiyo niko nayo: mvuvi akisikia ataondoka, asiyeondoka umeshamjua.

Lakini kusimamisha? Fanya hesabu. Modeli ya 500X inatangazwa kwa desibeli 149, zikipimwa mita moja mbele yake. Kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti inapungua desibeli 6 hivi. Boti ikiwa mita 300, zimebaki kama 100, na hapo upepo wa kusi haujaingilia. Mtu aliyekaa juu ya injini mbili zinazonguruma, akaziba masikio, anaendelea na safari. Anakuja kuumia akiwa karibu kabisa, na akiwa karibu hivyo anamwona vizuri mtu wako aliyesimama nyuma ya spika.

Watakutajia Seabourn Spirit, Novemba 2005, pwani ya Somalia. Ni kweli, LRAD ilitumika na meli ikaponyoka. Wasichokutajia ni kwamba mlinzi mmoja aliumizwa wakati wa mapambano yale, kulikuwa pia na mpira wa maji, na nahodha alikimbiza meli. Wala hawakutajii meli ya Biscaglia, Novemba 2008, Ghuba ya Aden. Walinzi watatu wasio na silaha walikuwa na kifaa hichohicho, maharamia wakapanda, walinzi wakajirusha baharini na kuokolewa na helikopta. Ukiitaka LRAD, dai ile inayoongozwa kwa mbali. Bila hivyo nunua megafoni.

Na hapa niseme la moyoni kuhusu bei. Kifaa cha thamani ya gari jipya, lakini tovuti haina bei hata moja. "Wasiliana nasi kwa nukuu." Ni ileile "njoo inbox" ya wauza mitumba, tofauti ni tai. Bei inategemea bendera ya meli yako na jinsi ulivyoandika barua yako ya kwanza, kisha wakala wa hapa anaweka juu yake, kisha fundi wa kufunga, kisha ushuru. Mwaka 2011, Wasomali walipohesabiwa mashambulizi 237, hawa wauzaji walijaa mpaka kwenye hoteli za Nyali. 2013 yaliposhuka hadi 15, simu zikawa hazipokelewi, na meli zilizobaki na vifaa vyao hazikupata hata kioo cha taa. Sasa wamerudi na majina mapya ya kampuni. Andika kwenye mkataba vipuri vya miaka mitano, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka kifaa kijaribiwe baharini, si gatini.

Vilivyobaki

Leza za kutia kiwi: BAE Systems ilionyesha ya kwake mwanzoni mwa 2011, ikifanya kazi kwa zaidi ya kilomita moja. Zile tochi za leza zinazouzwa mitandaoni ziache kabisa. Zinaweza kumpofusha mtu maisha, na silaha za kupofusha zimekatazwa na itifaki ya kimataifa ya 1995.

Uzio wa umeme wa volti 9,000 upo, unaitwa Secure-Ship. Ukibeba mafuta au gesi usiukaribie, cheche moja inatosha.

Masanamu ya mabaharia waliovalishwa ovaroli na kusimamishwa tezini yanakubaliwa hata na BMP. Yanagharimu nguo kuukuu na makumbi ya nazi. Wavalishe kofia tofauti, na kila asubuhi mmoja ahamishwe pahali pengine.