Suburbia (1983): niliizima, nikaiwasha tena, na bado nina hasira

Jamaa aliyenipendekezea hii filamu alinihakikishia nitalia. Kweli nimelia, lakini kwanza nilitukana.

Mapema tu kuna shoo ya punk, ule muziki wa roki wa kasi na kelele, bendi ya D.I. iko jukwaani, vijana wanasukumana. Msichana mmoja yuko pale na gauni lake, hana ugomvi na mtu. Wanamvamia, wanalirarua gauni mpaka anabaki uchi katikati ya umati, na kamera inakodoa macho. Halafu hadithi inaendelea na safari yake.

Mimi ni wa Nairobi. Mwaka 2014 wanawake tuliandamana mjini kwa sababu wanaume walimvua mwenzetu nguo kwenye steji ya matatu huku wengine wakirekodi na simu. Kwa hiyo usiniambie eti ni sinema tu. Nilifunga laptopu. Nilipomweleza yule jamaa, akanijibu kwamba punk si ya watu waliodekezwa. Nimedekezwa na nani?

Tena aliyeiandika na kuiongoza ni mwanamke, Penelope Spheeris. Inasimuliwa kwamba Roger Corman, mmoja wa waliotia pesa, alitaka ngono au vurugu kila baada ya dakika 10. Sawa, mwenye pesa ndiye mwenye sauti. Lakini filamu ina jina la nani?

Hasira zilipotulia kidogo nikairudia, nia yangu ikiwa kuimaliza ili niisimange vizuri. Ikanishika. Evan amemkimbia mama mlevi, Sheila amemkimbia baba aliyemdhulumu, na pamoja na wengine wamejibanza kwenye nyumba iliyohamwa huko viungani mwa Los Angeles, mbwa koko wakizurura nje. Wanajiita The Rejected, yaani waliokataliwa, na wanajichoma alama ya T.R. kwenye ngozi. Chakula wanakomba kwenye friza zilizo kwenye gereji za nyumba za watu. Kuigiza hawajui, na sisemi kwa ubaya: Spheeris aliwachukua vijana wa punk wenyewe, akiwemo Flea wa bendi ya Red Hot Chili Peppers, ambaye humu anazunguka na panya wake. Mistari mingine wanaitamka kama matangazo ya vifo redioni, na bado unawaamini.

Sheila anapokufa, wenzake wanakwenda mazishini na nywele zao zilezile za kipunk. Anayetaka kuwafukuza ni baba yake. Yuleyule! Nilijikuta nimesimama sebuleni, nagombana na skrini. Kuhusu Ethan, mdogo wake Evan, na kibaiskeli chake cha magurudumu matatu, sisemi kitu. Jiandae tu.

Sasa Spheeris, mtu anayeyajua maumivu ya Sheila kiasi hicho, aliwezaje kumpita yule wa gauni? Labda alitaka tuone kwamba waliokataliwa nao wanaumiza wengine. Labda. Hoja hiyo nikilala nayo naikubali, nikiamka imeshanitoka. Na kama ndivyo, mbona sikuona hata mmoja wa hawa wapendwa wetu akimrushia koti?

Niliweka nyota mbili, nikafuta, nikaweka nne kwa ajili ya mazishi yale. Sasa naona tatu, lakini mkirudi kesho mnaweza kukuta nyingine. Itazameni. Msitazame na watoto, na msitazame na yule jamaa yangu.