Rikota ya ndoo nyeupe, soko la City Park

Hili ni juma la saba nanunua rikota, jibini laini nyeupe ya Kitaliano, kwa bwana mmoja anayeuza katika soko la City Park, pale Parklands, Nairobi, na sasa naweza kuisemea kwa uhakika. Robo kilo ni shilingi 320, nusu kilo 600. Huja Alhamisi na Jumamosi na ndoo nyeupe yenye mfuniko wa buluu, ameizungushia vipande vya barafu, hukaa mwisho wa safu ya wauza mboga za majani. Hana bango wala karatasi iliyobandikwa kwenye chombo. Anafungua ndoo, anakupa kijiko. "Onja kwanza, mama. Ni ya leo hii."

Nilionja. Ina utamu wa maziwa yaliyotoka kuchemka, na chembe zake ndogo zinayeyukia ulimini bila ule uchachu unaokwaruza koo. Kabla ya hapo nilishanunua rikota ya kopo dukani mara mbili, na mara zote mbili nilipata kitu kikavu kama chaki chenye harufu ya friji. Hii ilinifanya nisimame pale nikiuliza maswali mpaka wateja wawili wakahudumiwa mbele yangu.

Nililouliza kwanza ni reneti, ile dawa ya kugandisha maziwa yawe jibini, maana nyumbani kwetu tunaangalia imetoka wapi. Jibini nyingi za Italia hugandishwa kwa reneti ya tumbo la ndama, na kwa Parmigiano Reggiano hiyo ndiyo kanuni. Bwana yule akanieleza kwamba anatengeneza mozarela, ile jibini ya pitsa, kwa reneti isiyotokana na mnyama. Baada ya mozarela hubaki maji ya maziwa, yana rangi ya umanjano wa kijani, ambayo watu wengi huyamwaga. Yeye huyapasha tena moto pamoja na maziwa kidogo na siki, mabonge meupe yakipanda juu anayachota. Rikota ndiyo hiyo, na jina lake lasema hivyo hivyo: kwa Kitaliano maana yake ni iliyopikwa tena.

Sababu ya mimi kuitafuta ni Baba Salma. Mwezi wa tano daktari alimwambia apunguze chumvi na mafuta. Mimi hutoka kazini Westlands saa kumi na moja na nusu, na magari yakisimama Museum Hill hufika nyumbani Pangani saa moja kasoro au hata kuipita. Watoto wana njaa, kesho kuna shule. Kwa muda mrefu jawabu langu lilikuwa chapati za jana na mchuzi wa nyama. Sikutaka kumpikia mume wangu chakula cha mgonjwa, yeye na sahani yake pembeni ya mboga za kuchemsha huku sisi tukila kingine. Nilitaka chungu kimoja, sote tule.

Nikamkumbuka mjomba wangu. Alipika miaka kumi na tisa katika nyumba ya Waitaliano huko Malindi, na akija kwetu Ijumaa alikuwa akitusimulia wanavyokula siku za kawaida, siku zisizo na wageni. Si zile pitsa na malasanya tunayoyaona kwenye mabango. Mboga moja ya msimu, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, tambi au mkate, na jibini kiasi cha kiganja. "Jibini kwao," alikuwa akisema, "ni kama ndimu kwetu. Unamalizia nayo." Maneno hayo ndiyo niliyoyashika. Watu wengi wanaojaribu chakula cha Kitaliano nyumbani Nairobi wanaijaza jibini mpaka mboga haionekani, kisha wanasema chakula hicho ni kizito. Uzito huo ni wa mkono wa mpishi.

Na rikota inasaidia kwa sababu yenyewe ni nyepesi. Katika gramu 100 za chedda, jibini ngumu ya kawaida, gramu 33 hivi ni mafuta. Rikota ya maziwa yasiyoondolewa mafuta ina kama gramu 10 hadi 13, na chumvi yake ni kidogo mno ukiilinganisha na chedda. Hii ya bwana wa City Park haina chumvi kabisa. Unatia mwenyewe, na unajua umetia ngapi.

Chakula tunachokipika zaidi ni tambi za kojeti, mboga ya kijani inayofanana na tango. Nachukua kojeti tatu, zile nyembamba za urefu wa kiganja. Kubwa zina mbegu na maji mengi. Nazikwaruza kwenye greta ya karoti, upande wa matundu makubwa, nanyunyiza chumvi kiasi cha vidole viwili, naziacha nikabadilishe nguo. Nikirudi nazikamua. Kikaangoni natia vijiko viwili vya mafuta ya zeituni na punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, kisha kojeti, moto wa juu, mpaka kingo zianze kupata wekundu. Usikimbie hatua hiyo. Kojeti isiyopata rangi ina ladha ya maji tu.

Tambi zinachemka jiko la pili. Hapa niseme jambo lililonichukua muda kulitambua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Tambi ambazo pakiti yasema dakika 9, na kwa mama yangu Malindi ziliiva kwa dakika 9, hapa Pangani zinanihitaji 12. Miaka yote nilidhani nanunua tambi mbaya. Hesabu dakika zako, halafu ng'ata moja; kiini kikiwa bado kina ukinzani kidogo, toa.

Kabla ya kumwaga maji, chota upawa mmoja uweke kando, kwa sababu yana wanga wa tambi na ndiyo yatakayoshika mchuzi wako. Zima moto. Tia tambi kwenye kojeti, tia vijiko vinne vya mezani vya rikota, maji yale kidogo kidogo, ukigeuza, mpaka upate urojo mwepesi mweupe unaopaka kila uzi. Ukiitia rikota moto ukiwaka inatengana, maji upande wake na chembe upande wake. Kwarulia ganda la nusu limau juu, pilipili manga, na majani ya rehani.

Kuhusu rehani nina neno. Sisi watu wa pwani tumeizoea kwenye vikuba, vipambo vya maua, pamoja na asumini, ni harufu ya harusi na ya nywele za shangazi zetu. Mara ya kwanza Salma alipoiona kwenye sahani aliuliza kama leo kuna arusi. Hawa wa Italia wanaila mbichi, wanaichana kwa mkono mwishoni kabisa. Ile ya kwetu ina ukali zaidi, karibu na karafuu, kwa hiyo majani manne yanatosha sufuria nzima. Nimepanda mche kwenye mkebe wa maziwa ya unga dirishani.

Chakula hicho, tangu kufungua mlango hadi kukaa mezani, dakika thelathini. Kojeti tatu zilinigharimu shilingi 60, na rikota iliyotumika haizidi 130. Watu wanne.

Sasa lawama yangu kwa rikota hii, nayo si ndogo. Ina maji. Anaichota ikiwa bado inatiririka, anaipima hivyo hivyo, nawe unalipia maji. Kwa tambi haidhuru. Lakini juma la pili nilitaka kupika gnudi, vile vidonge vya spinachi na rikota vya huko Florence. Jina lake lamaanisha uchi, kwa sababu ni kama ile pasta ya kujazwa iliyovuliwa unga wake, ukabaki ujazo peke yake. Nilivifinyanga ishirini na nne, nikavitia kwenye maji yanayochemka, na baada ya dakika moja sikuwa na hata kimoja. Sufuria nzima ilikuwa supu ya kijani. Ilikuwa saa mbili usiku na watoto wamekaa na uma mkononi. Iliniuma kweli.

Niliporudi Alhamisi nilimwambia. Hakubisha. Alisema wateja wengine wanaitaka laini hivyo kwa ajili ya watoto wadogo, na akanishauri niitundike. Nikakumbuka kifumbu changu cha kukamulia tui, kile cha ukindu nilichokuja nacho kutoka nyumbani, kilikuwa kimening'inia ukutani bila kazi tangu nianze kununua tui la pakiti. Niliitia rikota humo nusu kilo, nikaweka bakuli chini, ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi bakuli lilikuwa na maji karibu nusu kikombe, na rikota imeshikana, ina alama za ukindu pande zote. Nilipompigia mjomba simu kumweleza, alicheka kwa furaha. Akasema hata wenyewe zamani walikuwa wakiichujia kwenye vikapu vya kusuka, na alama zile ndizo watu walizozitafuta.

Tangu hapo gnudi haijanivunjikia. Robo kilo ya rikota iliyochujwa, fungu kubwa la spinachi, yai moja, vijiko viwili vya unga wa ngano na viwili vya jibini ngumu iliyokwaruzwa. Spinachi ya masoko yetu, yenye jani pana na uti mweupe mnene, si ile spinachi ya Ulaya. Ni ndugu wa bitiruti, na uti wake umejaa maji. Ondoa uti wote uuweke kwa mchuzi wa kesho. Majani yachemshe dakika mbili, yapoze, kisha yakamue kwa nguvu zako zote, uyafungue, uyakamue tena. Halafu kwarulia kungumanga, robo ya punje. Wanayoitia wao kwenye spinachi na rikota ndiyo hii hii ya pilau na kahawa yetu, na nilipoinusa ikipanda na mvuke jikoni nilihisi chakula hiki kimekuwa chetu. Vingirisha kwenye unga mkavu, chemsha maji yasiyotibuka sana, vikielea vihesabie dakika mbili. Nyanya tatu za kukaanga na kitunguu juu yake, basi. Baba Salma, ambaye haombi chakula kwa jina, aliniuliza Jumapili, "Mama Salma, vile vya mviringo lini tena?"

Biringanya pia inakubali. Sina ovena, kwa hiyo vipande navipaka mafuta kwa brashi na kuvichoma kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, kisha napanga tabaka: biringanya, nyanya, rikota. Biringanya ukiikaanga kwenye mafuta mengi inanyonya kama sifongo, na hapo umemharibia daktari kazi yake. Managu (mnavu) nayo, iliyochemshwa na kuchanganywa na mayai manne na rikota, ikaivishwa moto mdogo kwenye kikaango kama mkate wa mayai, uchungu wake unatulia vizuri. Hiyo ya pili hata Waitaliano hawana.

Usinunue rikota hii ukitaka jibini ya kuvutika. Mwanangu wa kiume aliisubiri ivutike kama ya pitsa, akaona imekaa tu, akavunjika moyo. Haiyeyuki, ni kama panir, jibini ya majirani zetu Wahindi wa Parklands. Jibini iliyogandishwa kwa moto na asidi haina ule mshikano unaolegea na kuvutika. Yeye namwongezea mozarela kipande, kidogo, juu ya sahani yake.

Na haikai. Haina dawa ya kuhifadhi, siku ya nne inaanza kuchacha, na stima ikikatika usiku hesabu siku tatu ni mbili. Nanunua Alhamisi, naichuja usiku ule ule, inaisha Jumapili. Jumamosi nanunua robo ya kuanzia juma. Yale maji ya bakuli nakandia unga wa mkate, au wa chapati kwa siku zile tunazokula chapati.

Kwa bei hii, kwa ubichi huu, sijapata inayoikaribia mjini. Angeichuja kabla ya kuipima ningempa alama zote. Nenda kabla ya saa nne asubuhi, kwani saa tano ndoo huwa tupu, na ubebe chombo chako chenye mfuniko wa kubana. Mifuko anayotumia huvuja, nami nilichafua mkoba wa kazini. Ukitaka zaidi ya nusu kilo mwambie siku moja kabla. Mimi nimeshaagiza kilo nzima ya Alhamisi ijayo, maana mama anakuja na basi la usiku kutoka Malindi, na mjomba amesema atapanda naye aje aione kifumbuni kwa macho yake.